Maskani yetu Malindi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Maswali haya tumeyaokota mlangoni, kwenye simu, na kwenye vijikaratasi ambavyo mtu huviacha chini ya kikombe kwa kuona haya kuuliza kwa sauti. Mepesi yako juu, mazito yako chini. Ninayejibu ni mmoja wa watu watatu wanaoshika funguo, mwaka wa sita sasa. Nikisema "sisi", ni jambo tulilolikubali kikaoni. Nikisema "mimi", ni maoni yangu.

## Kwa anayeanza

Maskani ni nini hasa?

Ni vyumba viwili vya kupanga, ua, jiko na choo. Wanaokuja ni vijana wa miaka 18 na kuendelea: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wanaopenda kote kuwili, waliozaliwa wakaitwa wavulana ilhali wanajijua ni wasichana au kinyume chake, na wengine ambao bado hawajajua wajiite nani. Mtandaoni siku hizi tunaitwa watu wa upinde. Kodi tunalipa wenyewe, kanuni tumeziandika wenyewe, na sakafu tunaipiga deki wenyewe kwa zamu.

Kituoni mtu huenda akiwa na shida. Maskani huenda hata siku ambayo hana shida yoyote. Wazee wana baraza zao, barobaro wa mtaa wana kivuli chao chini ya mwarobaini. Sisi tulikuwa hatuna pa kuketi, tukatafuta.

Iko mtaa gani?

Hatuandiki. Ukitaka kuja, utakutana kwanza na mmoja wetu mahali penye watu, mnywe chai, mjuane. Siku nyingine ndipo utaletwa. Wengine huona tunawazungusha. Soma swali la majirani huko chini, utaelewa.

Lazima watu wawe wanajua kunihusu?

Hapana. Wengi wanaokuja, hata ndugu zao wa tumbo moja hawajui. Kitambulisho tunakitazama mara moja kuhakikisha umri, hatukinakili, na daftarini unaandika jina la kupanga. Hakuna atakayekusukuma ujitangaze nyumbani. Nimeona vijana waliohimizwa na marafiki walio mbali "wajiweke wazi", na usiku huo huo wakalala stendi. Aliyekuhimiza halali nawe stendi.

Nina miaka 17. Naweza kuja?

Bado, mdogo wangu. Tunajua miaka 17 ndiyo hasa inayouma, lakini hatupokei aliye chini ya miaka 18 hata akija na dada yake. Kama unapigwa, unatishwa au umefukuzwa, piga 116, simu ya bure ya watoto. Sisi tutakungoja.

Haya si mambo yaliyoletwa na watalii?

Malindi swali hili halikosi, kwa sababu Waitaliano wako hapa na hoteli ziko hapa. Lakini sikiliza lugha yenyewe. Bibi zetu waliitana "shoga yangu", na neno hilo hilo wakamwita mwanamume mwenye mwendo wa kike aliyekuja kupamba harusi. Basha, hanithi, msagaji: haya ni maneno ya nyumbani, hayakushuka na ndege. Lugha haimpi jina mtu ambaye haijawahi kumwona. Mengine kati ya maneno haya hutumiwa kutukania, na humu ndani kila mtu huitwa anavyotaka mwenyewe.

Kilicholetwa na utalii ni pesa, na watu wazima wanaonunua vijana. Hilo ni jambo jingine, nimelisema kwenye swali la madhara.

## Ndani ya maskani

Mnafanya nini humo?

Alhamisi jioni ndiyo siku kubwa. Mlangoni kuna safu ya ndara, na pembeni kapu la ukindu ambamo simu zote huwekwa. Kuna birika la kahawa ya tangawizi, sahani ya viazi karai, bakuli la ukwaju. Wawili wanacheza dama kwa vifuniko vya soda. Mmoja yuko kwenye cherehani anapunguza suruali ya sare ya hoteli. Mwingine anaandika barua ya kuomba kazi, mwenzake anamsahihishia Kiingereza. Saa mbili kasoro tunakaa duara mkekani na kupitisha mwiko, ule wa kusongea ugali. Aliyeushika ndiye anayesema. Asiyetaka kusema anampa wa pili, na haulizwi.

Kweli inabadilisha maisha ya kijana, au ni mahali pa kupiga soga tu?

Kupiga soga ni nusu ya kazi. Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimeondoa kila kitu cha kumtambulisha.

Alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu, anayefua mashuka hotelini. Alhamisi tatu mfululizo aliketi karibu na mlango, ndara zake mkononi. Hakuziweka kwenye safu. Alikunywa kahawa, akaaga, akaenda. Alhamisi ya nne feni ikakwama, joto likatukaba. Akauliza kama kuna bisibisi. Akapanda kwenye kiti, akaifungua, akasema kapasita imekufa, akatoka na boda akanunua nyingine, akaifunga. Feni ilipozunguka watu walipiga makofi, naye akacheka kwa sauti. Baadaye aliniambia kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mbele za watu bila kuangalia kwanza mkono wake uko wapi.

Zingatia neno hilo. Kijana wa aina yetu hukua akijichunga: sauti isipande, kiuno kisicheze, jicho lisikae mahali pamoja muda mrefu. Anajichunga mezani, darasani, msikitini, kazini. Ni kazi isiyo na likizo, na inakula akili ambayo angeitumia kusoma au kutafuta riziki. Akipata saa tatu kwa wiki za kuiweka chini, mengine hufuata yenyewe. Huyu wa feni mwezi wa pili alikubali kusindikizwa kupima virusi vya UKIMWI. Mwezi wa tano alianza kutengeneza feni za watu kwa malipo, na wateja wake wa kwanza walitoka humu humu. Idi aliyokuwa amepanga kuikimbia alikwenda kuila kwa mama yake.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia: kumwona mkubwa. Tuna mmoja wetu wa miaka hamsini, ana mvi, ana kibanda cha samaki, anadaiwa kodi kama watu wengine. Hana hotuba yoyote, anaketi tu. Vijana wa miaka 19 humtazama kwa namna ambayo mwanzoni sikuielewa, mpaka mmoja akaniuliza, "Kwani huwa tunazeeka?" Hakuwa amewahi kumwona mtu kama yeye aliyevuka thelathini, kwa hiyo hakuwa amepanga chochote cha baada ya hapo.

Mbona mnajaa zaidi mwezi wa tano na wa sita?

Mvua za masika. Hoteli nyingi hufunga, vibarua husimama, na kijana aliyekuwa na chumba chake hurudi kulala sebuleni kwa wazazi. Miezi hiyo tunaongeza siku ya kufungua na tunapika ugali.

Wasichana wanakuja?

Wanakuja, ila si Alhamisi. Miaka miwili ya kwanza tulijiuliza kwa nini hawapo, na jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: binti wa Malindi anayetoka baada ya magharibi ataulizwa maswali kumi, na akirudi kumi mengine. Wao wenyewe wakasema wapewe Jumamosi asubuhi. Sasa Jumamosi ni yao, wanasukana nywele, wanapakana hina, wanacheza mchezo wao wa pesa, na nyumbani inajulikana wameenda kusukwa. Ni kweli, wameenda kusukwa.

Na waliobadili jinsia, na mahuntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume pekee?

Wapo, na mlango wao ni huu huu. Shida yao kubwa siku zote ni karatasi: sura moja, kitambulisho kingine, na askari au karani katikati. Tunawaeleza kuwa Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliiamuru KNEC, baraza la mitihani, ibadilishe jina kwenye cheti cha mtihani cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akaitwa mvulana, kwa hiyo njia ya mahakama ipo ingawa ni ndefu. Mahuntha walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakatokea 1,524 nchi nzima. Naamini ni wengi kuliko hao. Si kila mama atamjibu karani wa sensa swali kama hilo.

Pesa mnatoa wapi?

Kila mwenye kazi hutoa shilingi hamsini kwa wiki, asiye nayo hutoa mikono. Tuna mchezo wa kila mwezi, na tunapokea oda za mahamri na kushona pindo za leso. Hatuna mfadhili, na kuna wakati nililionea uchungu jambo hilo. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada, na vituo vilivyotegemea fedha hizo vikafunga milango, waelimishaji rika wakaambiwa wakae nyumbani. Watu waliokuwa wakienda huko kwa vilainishi na ushauri walibaki wakiulizana waende wapi. Sisi wiki hiyo tulifungua kama kawaida. Hatuwezi kuziba pengo la kliniki, na sitaki mtu afikiri kahawa ni dawa. Lakini nilijifunza kwamba kodi ndogo unayoilipa mwenyewe ina nguvu yake.

## Afya

Mnapima? Mnatoa dawa?

Hapana, tunasindikiza. Dawa za kupunguza makali ya virusi, na vidonge vya PrEP vya kujikinga, vinapatikana bure katika hospitali za serikali. PrEP ilianza kutolewa nchini mwaka 2017. Kinachomzuia kijana mara nyingi ni dirisha: anaogopa muuguzi ni jirani yao, au atamwitia wenzake waje kumtazama. Limetokea. Nilikuwepo katika hospitali moja muuguzi alipouliza kwa sauti ya foleni nzima kusikia, "Wewe ni mume au mke?" Kijana aligeuka akaenda zake. Ilituchukua miezi minne kumrudisha, mahali pengine.

Kwa hiyo tunajua nani yuko zamu gani na nani ana ulimi mzuri, na hakuna anayekwenda peke yake mara ya kwanza.

Kondomu ilipasuka jana usiku, au nimebakwa.

Usisubiri Alhamisi. Nenda hospitali sasa hivi uombe PEP, dawa ya dharura ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Inamezwa kwa siku 28 bila kukosa. Ukiwa umebakwa, usioge na usifue nguo kabla ya kuonwa na daktari, na piga 1195, simu ya bure ya waliofanyiwa ukatili. Mwanamume pia huhudumiwa.

Silali. Nimefikiria kujiua.

Tuambie, hata usiku, namba unayo. Hatutakuhubiria na hatutashtuka. Tutakaa nawe, na asubuhi tutakupeleka kwa mshauri aliyesomea. Wengine hunyamaza kwa kuogopa kukamatwa, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho, 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo sema.

## Sheria na usalama

Ni halali kukutana?

Ndiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaadhibu tendo la ndoa "kinyume na maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 kinaongeza hadi miaka 5 kwa wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Hayo yapo na hatuyafichi. Lakini vinachoadhibu ni tendo. Kuwa ulivyo si kosa, na kuketi na wenzako kunywa kahawa si kosa. Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujumuika, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kuwa ilikuwa makosa kuinyima NGLHRC, shirika linalotetea haki za watu kama sisi, usajili kwa sababu ya watu linaowatetea. Ombi la kutaka uamuzi huo utazamwe upya lilikataliwa Septemba mwaka huo huo.

Ndiyo maana humu ndani hakuna ngono, kwa yeyote, saa yoyote. Kanuni hii haina msamaha.

Polisi wakija?

Usikimbie, usibishane. Ibara ya 49 inasema uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, unaweza kunyamaza, unaweza kuzungumza na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa saa hizo zimeishia wikendi. Wakitaka kukupima sehemu ya nyuma kwa nguvu, kataa na utaje kesi ya Kwale: wanaume wawili walipimwa hivyo mwaka 2015, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ikasema ni kinyume cha Katiba. Karatasi yenye maneno haya imebandikwa nyuma ya mlango. Isome kila ukitoka mpaka uikariri.

Nilialikwa na mtu wa mtandaoni, nikanyang'anywa, sasa anatishia kunianika.

Limewapata wengi wetu, wewe si mjinga. Usimlipe tena, aliyelipwa mara moja hurudi. Hifadhi kila ujumbe na kila risiti ya M-Pesa kabla ya kumfungia. Kutishia mtu ili akupe pesa ni kosa, na kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Usiende kituoni peke yako. Tutakuunganisha na wakili kwanza, maana jinsi unavyoandikisha taarifa ndiyo kesi yenyewe.

Kwa nini simu zinawekwa kapuni?

Picha moja inatosha kumfukuzisha mtu kazi. Kapu liko mbele ya macho yako muda wote.

Majirani wanajua?

Wanajua kuna vijana wanaoshona, wanaopika na wasiopiga kelele. Hatuchezi na jambo hili. Februari 2010 huko Mtwapa, katika kaunti yetu hii hii, kulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wataoana. Hakukuwa na harusi yoyote, lakini umati ulivamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na watu wakapigwa. Uvumi haukuhitaji ushahidi.

Somo tulilolipata ni kwamba ukuta mrefu haulindi, jirani ndiye anayelinda. Mtaani pakiwa na matanga tunapeleka viti na tunakata vitunguu. Mama wa nyumba ya pili tunamshonea bure. Siku moja kijana mgeni mtaani alianza kuuliza maswali kutuhusu dukani, naye huyo mama akamjibu, "Hao ni wanangu, wewe nani?"

## Nyumbani na dini

Mama amegundua. Nifanyeje?

Usibishane usiku ule. Usikiri zaidi ya alichokwisha kukijua, wala usitoe hotuba uliyoisoma mahali. Jipe siku chache, na umtafute mtu mmoja katika ukoo wenu mwenye moyo mpana. Nilivyoona mimi, mara nyingi ni bibi au shangazi, mara chache ni kaka. Huyo ndiye atakayekaa na mama yako jikoni na kusema yale ambayo wewe ukiyasema yatakuwa utovu wa adabu.

Watu hudhani maskani inawatoa vijana kwao. Sisi tunafanya kazi kinyume na hapo. Kijana mwenye pa kupumulia Alhamisi anaweza kuvumilia Jumapili ya wajomba. Asiye na pa kupumulia hulipuka mezani, au hupanda basi la usiku kwenda Nairobi na nguo alizovaa. Ukitaka kunifurahisha, niambie umelala kwenu na mlikula pamoja.

Mimi ni mtu wa dini. Nitachekwa?

Hutachekwa. Wengi wetu ni Waislamu na Wakristo wanaosali. Mswala umekunjwa juu ya kabati, magharibi ikiingia anayeswali huingia chumba cha ndani nasi tunapunguza sauti. Ramadhani tunafuturu pamoja, na walokole ndio huwa wapishi. Sisi si mashehe wala wachungaji, hatutakutolea fatwa ya upande wowote. PEMA Kenya, shirika la watu kama sisi huko Mombasa, limekaa miaka mingi na maimamu na mapasta kuzungumza nao, na wako walioacha kuwachochea watu wapige. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Wananilazimisha kuoa.

Ibara ya 45 ya Katiba inasema ndoa ni kwa hiari ya wanaooana, kwa hiyo unaweza kusema hapana. Mimi nitakuomba umfikirie pia binti wa watu. Tuna wanaume hapa waliooa ili kuzima maneno, na wake zao wanateseka bila kujua kosa lao. Kabla mahari haijapelekwa, njoo tuzungumze. Ikishapelekwa ni vigumu zaidi. Kwa msichana anayelazimishwa, tuarifu mapema zaidi ya hapo.

## Mambo magumu

Nimefukuzwa. Naweza kulala hapo?

Hapana, na jibu hili hunichoma kila ninapolitoa. Tukilaza mtu mmoja, mwenye nyumba atatutoa wote. Lakini tuna orodha ya watu wanaopokea mgeni kwa siku tatu, wenye kazi zao na tunaowajua miaka. Hatukupeleki kwa mtu mwenye nia nawe.

Je, maskani inaweza kumdhuru mtu?

Inaweza, na ilishafanya hivyo. Mwaka wetu wa tatu mmoja wa washika funguo alimwambia mpenzi wake nani anameza dawa. Wiki moja maneno yakaenea. Kijana aliyetajwa hakuja tena, na tulipompata baadaye alikuwa ameacha dawa miezi kadhaa. Sijui msamaha unaotosha kwa hilo. Tangu hapo habari za afya hushikwa na mtu mmoja tu, na aliyesema akatoa funguo.

Hatari ya pili ni wanaokuja na pesa. Mbaba mwenye gari akinunulia watu soda wiki mbili, wiki ya tatu ana mtu. Kwa hiyo aliye juu ya miaka 35 haingii mpaka watatu wetu wamdhamini, na mshika funguo haruhusiwi kumtongoza ambaye hajatimiza miezi sita tangu aanze kuja.

Ya tatu ni kujifungia. Kijana akija kila siku tuliyofungua na masomo yameachwa, tunamwambia asirudi mpaka amefanya mtihani. Mmoja alinuna mwezi mzima. Alipopita alileta keki.

Mimi ni mtafiti, mwandishi wa habari au mtalii mwenye nia njema.

Hapana, asante.

Niko Lamu, Malindi ni mbali.

Ni mbali kweli: boti mpaka Mokowe, kisha saa nyingi za basi. Hatukuombi usafiri kwa ajili ya jioni moja. Mji wa Lamu ni mdogo, kila mtu anamjua mama wa kila mtu, na kupanga nyumba kama yetu kunaweza kuwaweka hatarini. Wawili au watatu wanaoaminiana, chumba chenye komeo, birika na kapu la simu, hiyo tayari ni maskani. Tupigie tukupe kanuni zetu, mbadilishe zisizowafaa.

Nikiacha kuja, mtachukia?

Hapana. Wengi huacha: wamepata kazi Watamu, wamehamia kwa mpenzi, wamechoka nasi. Jina lako la kupanga hubaki daftarini mpaka utuambie tulifute. Ukirudi baada ya mwaka, piga namba ile ile. Ikiwa imebadilika, muulize aliyekuleta.